Ninavyofundisha maadili kwa kuwafanya wanafunzi waseme

Wanafunzi wa chuo kikuu hawahitaji kuambiwa kwamba kuiba kazi ya mtu ni vibaya. Wanajua. Wanajua pia kwamba takwimu hazipikwi, kwamba mgonjwa hafanyiwi utafiti bila ridhaa yake, na kwamba mtu hadharauliwi kwa dini yake wala jinsia yake. Ukiwapa mtihani watayaandika hayo yote kwa mpangilio mzuri. Ugumu uko kwingine: siku mkubwa wako anapokutaka ubadilishe tarakimu moja kwenye ripoti, unafungua mdomo useme nini? Hapo ndipo wengi hukwama, na somo langu la maadili nimeliegemeza hapo.

Muhula huwa naufungua kwa habari ya Challenger, chombo cha Marekani cha kupeleka watu angani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukisukuma chombo hicho, walikuwa na kikao cha simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani. Kesho yake asubuhi ilitarajiwa baridi kali. Wahandisi, akiwemo Roger Boisjoly, walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa na kupitisha gesi ya moto, wakashauri chombo kisirushwe. Maofisa hawakuufurahia ushauri huo. Kampuni ikaomba muda wa kujadiliana pembeni, na humo mmoja wa wakuu wake akamwambia mwenzake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Ushauri ukageuzwa. Asubuhi chombo kikarushwa, na sekunde 73 baadaye kikasambaratika na watu wote saba waliokuwemo wakapoteza maisha.

Darasa hukimbilia kutafuta mwovu. Mimi huwarudisha kwenye kikao chenyewe: "Umo chumbani. Umeshasema mara moja, hujasikilizwa. Sema tena, lakini si kwa maneno yale yale." Hapo watu hutazamana. Anayejaribu kwanza kwa kawaida hufoka, anayemfuatia huomba radhi kwa kuwepo. Basi tunaitengeneza sentensi pamoja, kipande kwa kipande, mpaka itoke kitu kama hiki: "Baridi kubwa tuliyowahi kurushia ni nyuzi 12 hivi za selsiasi, na hata siku hiyo pete ziliharibika. Kesho itakuwa baridi zaidi. Sina ushahidi kwamba ni salama, kwa hiyo siwezi kukubali." Kisha kila mmoja huisema kwa sauti, amesimama, akimwangalia mtu aliyepewa nafasi ya bosi, na bosi anaruhusiwa kumkatiza. Ni mazoezi kama ya mchezaji wa mpira anayepiga penalti zile zile kila jioni. Najua Boisjoly na wenzake walisema na bado hawakusikilizwa, na wanafunzi hunikumbusha hilo. Ni kweli. Lakini waliosema walikuwepo, na tume iliyochunguza ajali ilikuwa na ushahidi wao wa kuufanyia kazi.

Habari ya pili ninayoitumia ni utafiti wa John Darley na Daniel Batson uliochapishwa mwaka 1973. Wanafunzi wa seminari ya theolojia waliagizwa waende jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi asiyemjua. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wale wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Matokeo haya ndiyo yaliyonifanya niigawe kazi kubwa ya muhula katika hatua: muhtasari kwanza, kisha rasimu, kisha kazi kamili. Mwanafunzi anayeanza kuandika usiku wa manane kuamkia siku ya kukusanya yuko kwenye njia ile ile ya wale wenye haraka, na siamini kwamba mahubiri yangu yangemfikia huko.

Kwenye mijadala nimeazima kanuni iliyopendekezwa na mwanasaikolojia Carl Rogers: huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka urudie alichosema, na yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo. Tulipojadili matumizi ya akili mnemba katika kazi za darasani, kijana mmoja aliyeipinga alimrudia dada mmoja aliyeitetea hivi: "Kwa hiyo unataka wavivu waruhusiwe."

"Sijasema hivyo," dada yule akajibu.

"Unasema haina madhara?"

"Hapana. Sikiliza, kaka. Anayeandika kwa lugha asiyoizoea anahangaika na sarufi, mawazo yake hayaonekani."

Kijana akanyamaza kidogo. "Unasema kuna mtu ana hoja nzuri, ila lugha inamfungia mlango, na chombo hiki kingemfungulia."

"Ndivyo."

Hakubadili msimamo wake. Aliendelea kupinga, ila sasa alikuwa anauliza msaada wa lugha uishie wapi na kuandikiwa kuanzie wapi, na mjadala wa saa nzima iliyobaki ukajengwa juu ya swali hilo.

Adabu nayo isichukuliwe kuwa ni upole wa kila wakati. Kikundi kimoja kililetwa kwangu na ugomvi juu ya mwenzao ambaye hakuwa amefanya lolote na jina lake limo kwenye kazi yao. Ujumbe waliotaka kumtumia ulianza, "Tumechoka kukubeba." Nikawaomba wauandike upya, waweke jambo lenyewe, swali moja, na watakachofanya. Wakarudi na huu: "Ndugu yetu, sehemu yako haijafika na kazi inakusanywa Ijumaa. Kuna kitu kimekukwamisha? Isipofika kufikia Alhamisi jioni, tutakusanya bila jina lako na tutamweleza mwalimu." Hakuna tusi hapo, na hakuna mlango wa kujificha pia.

Upande wangu kuna sheria ninazojiwekea. Sisomi alama kwa majina. Jibu lisilo sahihi naliuliza limetoka wapi kabla ya kulisahihisha. Simlazimishi mtu atoe mkasa wake binafsi mbele ya wenzake ili somo linoge.

Swali la mwisho la mtihani wangu ni barua kwa mkubwa wa kazi aliyeagiza jambo lisilofaa, isiyozidi ukurasa mmoja. Mwanafunzi yuko huru kukataa, kukubali kwa masharti, au kuomba muda. Alama natoa kwa mambo matatu: ameieleza hoja ya mkubwa huyo kwa haki kiasi gani, sababu zake zimesimama juu ya nini, na amesema waziwazi atafanya nini kuanzia hapo. La tatu ndilo linaloachwa na wengi, na ndilo ninalolipa alama nyingi zaidi.