Ferguson 35 ya Oldeani: miezi saba ya kulifufua

Machi. Trekta limefika Moshi juu ya Fuso, limefungwa minyororo kama dume korofi. Lilikuwa nyuma ya banda la kahawa huko Oldeani, Karatu, majani yamepanda hadi kwenye usukani na kuku wanatagia chini ya kiti. Nimelinunua kwa bei ya skrepa. Mama watoto akalizunguka mara moja, akaniuliza litalima wapi, maana kiwanja chetu ni mita 20 kwa 30 na tayari kuna trekta jingine, Ferguson TE20, kwenye kibanda cha mbuzi. Sikuwa na jibu. Mbuzi walishauzwa tangu lile la kwanza.

Aprili. Injini imeshika, haizunguki. Nimetoa nozeli tatu, nikamimina dizeli na oili nyepesi kwenye kila silinda, nikaacha siku 11, kila jioni naongeza kidogo. Siku ya 12 tukatia gia ya juu, tukalisukuma gurudumu la nyuma watu watatu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Likatoa sauti kama mlango wa zamani, halafu likazunguka. Ringi zimechoka ila silinda hazina mikwaruzo ya kutisha. Nafasi ya valvu nimeirekebisha iwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi.

Mei. Hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Nilijua nimenunua Massey Ferguson 35 ya kawaida: bati nyekundu, mwili wa kijivu. Nikaanza kukwangua gia boksi kwa brashi ya waya. Ikatoka grisi, ukatoka udongo mwekundu wa Karatu uliogeuka tofali, ikatoka rangi ya kijivu, na chini yake ikatokea rangi ya dhahabu iliyofifia, kama sufuria ya shaba. Nikaenda kwenye bonneti na msasa: chini ya nyekundu kuna kijivu.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: 35 zilianza kutoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza, mwaka 1956, zikiwa na bati za kijivu na injini na gia boksi za dhahabu. Nyekundu ilikuja mwishoni mwa 1957, jina lilipokuwa Massey Ferguson. Kibao cha namba hakipo, kimeng'olewa, lakini rangi imesema kilichokuwa kwenye kibao. Tatizo ni kwamba 35 za dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne. Yangu ina Perkins ya silinda tatu, na hiyo haikuwekwa kwenye 35 hadi 1959. Kwa hiyo kuna mtu aliyebadilisha moyo.

Nikarudi Oldeani kumuuliza mzee aliyekuwa dereva wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limewaka?"

"Bado, mzee. Hivi injini hii ndiyo ya kwanza?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ya kwanza, mwanangu, ilikuwa haitaki asubuhi. Huku kuna baridi. Tulikuwa tunaliegesha mlimani jioni ili kesho lishuke lenyewe. Ukisahau ukaliegesha bondeni, siku hiyo hulimi."

Injini ile ya Standard inajulikana dunia nzima kwa ugumu wa kuwaka kwenye baridi, lakini hadi nisikie habari ya kuliegesha mlimani sikuwa nimeuelewa ugumu wenyewe. Wapo watakaonishauri niitafute irudishwe, ili trekta liwe "halisi". Siitafuti. Perkins inabaki. Bati nitazipaka kijivu, gia boksi dhahabu, na injini kijivu cha Massey, ili anayejua akiangalia aone mara moja kwamba ile ni mgeni na alikaribishwa kwa sababu.

Juni. Pampu ya dizeli imekwenda kwa fundi wa pampu, imerudi. Ikawaka! Moshi mweupe, mbwa wa jirani kakimbia. Dakika nne, ikazima.

Julai. Tumetoa upepo kwenye njia ya dizeli mara nane. Kwenye filta, kwenye pampu, kwenye nati za nozeli. Kila tukitoa inawaka vizuri, inanguruma dakika nne au tano, inakata kama mtu aliyezimiwa taa. Nimebadilisha filta. Nimebadilisha washa zote za shaba. Kijana wangu wa darasa la sita ndiye aliyesema, "Baba, mbona ikipumzika inawaka tena bila kutoa upepo?" Kweli. Nikafungua bomba chini ya tangi: dizeli ikamwagika kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone. Ndani ya tangi kulikuwa na magamba ya kutu kama majani ya chai. Injini ikivuta, magamba yanajikusanya mdomoni mwa bomba. Ikizima, yanaelea pembeni. Wiki tatu nimefukuza upepo ambao haukuwepo.

Tangi nikalijaza kokoto safi, kipande cha mnyororo wa baiskeli na dizeli kidogo, nikaziba, nikalifunga kwenye mkokoteni wa muuza maji. Siku mbili limezunguka mtaani kwenye mashimo. Kilichomwagwa kilikuwa uji wa kahawia. Nikalisuuza mara nne.

Agosti. Limefanya kazi saa nzima bila kukata. Sina zaidi la kusema kuhusu Agosti, nilikuwa na msiba.

Septemba. Haidroliki inanyanyua plau tupu, ila ukiliacha juu linashuka polepole. Nashuku ringi za pistoni ya kunyanyulia, na hapo lazima kifuniko kizima cha nyuma kitoke, kiti na yote. Winchi ya kuazima inapatikana Jumamosi. Madigadi ya kushoto ina kiraka kilichochomelewa vibaya sana, mishono kama ya gunia. Nilikuwa nimeshashika grenda. Mzee kanipigia simu juzi, nikamtajia. Akasema kiraka kile alikichomelea yeye, na kwamba fimbo za kuchomelea ziliisha katikati. Grenda nimeirudisha kabatini. Oili bado inadondoka nyuma ya injini, tone moja kila baada ya dakika kumi hivi. Nimeweka kopo.