Siku moja maishani mwangu: kufundisha Django kwa daftari la madeni

Saa 2:00 asubuhi. Flashi kwanza. Django, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa lugha ya programu ya Python, ni takriban megabaiti 8 tu, ila darasa zima likipakua kwa bando moja, asubuhi imekwenda. Amri ya pip, kipakuzi cha vifurushi vya Python, ni `pip download django -d vifurushi`. Darasani kila mmoja ataandika `pip install --no-index --find-links vifurushi django`, bila intaneti. Kama wanafunzi wanatumia Windows, pakua kwenye Windows: huko Django inadai pia kifurushi cha tzdata, chenye data za saa za maeneo. Toleo la Python nalo lilingane.

Saa 3:00. Kompyuta bado zimezimwa. Mezani kuna karatasi, penseli na mfano ambao kila mtu anaujua: daftari la madeni la dukani. Wanachora safu za jina, kiasi na tarehe, kisha wanajaza mistari kumi. Kufikia mstari wa sita Mama Asha ameshatokea mara tatu, mara moja kwa jina la "Mama Aisha". Je, anadaiwa shilingi ngapi? Hakuna anayeweza kujibu kwa uhakika. Hapo wanakata karatasi vipande viwili: wateja upande huu, madeni upande ule, na kila deni linabeba namba ya mteja wake. Saa hii moja siipunguzi hata dakika. Anayekwama kwenye Django mara nyingi hakwamishwi na Python, hajaliona jedwali.

Saa 4:00. Mazingira pepe (folda ya Python ya mradi huu pekee), kisha `startproject` ya kuanzisha mradi na `startapp` ya kuanzisha programu ndani yake. PowerShell ikikataa kuwasha mazingira, tumia dirisha la cmd. Ukiambiwa hakuna moduli ya django, mazingira hayajawashwa.

Saa 5:00. Karatasi inageuka msimbo:

```
class Mteja(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=100)

class Deni(models.Model):
    mteja = models.ForeignKey(Mteja, on_delete=models.PROTECT)
    kiasi = models.PositiveIntegerField()
    wakati = models.DateTimeField(auto_now_add=True)
```

Neno PROTECT, linalozuia kumfuta mteja mwenye deni, linastahili dakika kumi. Mifano mingi huweka CASCADE, na kwa CASCADE ukimfuta mteja madeni yake yote yanafutika naye. Mwenye duka hawezi kukubali hilo. Kiasi kiwe namba kamili, kisiwe FloatField (namba ya desimali): kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali hizo hutoa 0.30000000000000004.

Saa 8:00 mchana. Baada ya chakula, amri mbili zinazochanganya watu kuliko zote. `makemigrations` huchora ramani ya majedwali. Amri ya `migrate` ndiyo hujenga nyumba, yaani majedwali yenyewe. Ujumbe wa "no such table" mara nyingi maana yake ramani ipo, nyumba haijajengwa. "No changes detected" mara nyingi ni programu kusahauliwa kwenye INSTALLED_APPS, orodha ya programu za mradi, au faili halijahifadhiwa.

Saa 9:00. `createsuperuser`, amri ya kutengeneza akaunti ya msimamizi. Waambie mapema kwamba nywila haionekani inapoandikwa, la sivyo watadhani kibodi imekufa. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Waandishi walihitaji kuingiza habari bila kumngoja mprogramu, na ukurasa wake wa usimamizi bado unatoa huduma hiyohiyo. Majedwali yakishasajiliwa kwenye `admin.py`, mwanafunzi anaingiza deni la kwanza bila kuandika HTML hata mstari mmoja.

Ila anaona "Mtejas" na "Denis", kwa kuwa Django huongeza s kutengeneza wingi. Ndani ya `class Meta` weka `verbose_name_plural = "Wateja"`, na "Madeni" kwa jedwali la pili. Orodha ikisema "Mteja object (1)", imekosekana `__str__`, sehemu inayosema kila mstari uonyeshwe kwa jina gani. Weka `LANGUAGE_CODE = "sw"` na `TIME_ZONE = "Africa/Dar_es_Salaam"`; ukiacha UTC, muda utaonekana nyuma kwa saa tatu.

Saa 10:00. Tunaharibu kwa makusudi. Ongeza safu ya simu wakati jedwali lina wateja tayari. Django inauliza: wale wa zamani wapewe nini? Wengi huandika chochote ili swali liondoke, na chochote hicho kinaingia kwa kila mteja. Jibu safi ni kutoka, kuweka `default=""` na `blank=True`, kisha kurudia. Simu nayo iwe CharField, yaani maandishi. Ikiwa namba, sifuri ya mwanzo inapotea.

Saa 11:00 jioni. Violezo (kurasa za HTML za kuonyesha data) na fomu havijaguswa leo. Kila mmoja ananakili `db.sqlite3`, faili lenye data yake yote, kwenye flashi. Kesho tutaanza na ukurasa mmoja tu: jumla ya deni la kila mteja.