Kaskazini ya B

Stima ilirudi saa mbili usiku, na mpwa wangu bado alikuwa amekunjia uso swali lile lile aliloanza nalo kabla ya chai ya saa kumi. Yuko kidato cha tatu. "Anko, hii meli inanitesa," akasema. Sijui kwa nini hesabu za beringi (pembe ya uelekeo, inayopimwa kutoka kaskazini) lazima zitupandishe meli sisi watu wa Nairobi, ambao bahari tunaiona Desemba tukijaliwa nauli.

Swali lenyewe: meli inatoka A, inakwenda kilomita 8 kwa beringi ya 050° hadi B. Kutoka hapo inakwenda kilomita 6 kwa beringi ya 110° hadi C. Tafuta umbali wa A hadi C, na beringi ya C kutoka A.

Alikuwa ametoa 50 kwenye 110, akapata 60, akaitia kwenye kanuni ya kosaini, ile inayotoa upande wa tatu wa pembetatu ukijua pande mbili na pembe iliyo kati yake. Jibu: kilomita 7.2. Kidogo nimpe vema, maana hesabu yake haikuwa na doa. Halafu nikautazama mchoro. Meli imekwenda nane, haikurudi nyuma, imepinda tu kidogo na kuongeza sita. Vipi tena iwe karibu na ilikotoka kuliko ilipokuwa B?

Kosa hilo nalijua, niliingia nalo mtihani wangu mwenyewe. Nilidhani kaskazini ni moja, iko pale A, safari ilikoanzia, basi. Hakuna aliyeniambia (au waliniambia nikiwa nasinzia) kwamba kila unapofika unachora mstari mwingine wa kaskazini, ndipo upime upya kwa mwendo wa mishale ya saa.

Nikamwambia achukue simu tupande juu, kwenye kamba za nguo. Tunakaa Donholm, na usiku taa za mjini zinaonekana vizuri. Mwanzoni dira ya simu ilikuwa inayumba kama mlevi, hadi tulipojitenga na zile nguzo za chuma. Akaielekeza KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya mji: 276.

"Sasa wewe uko kule juu, mimi niko hapa kwenye nguo. Unanitazama. Simu itasoma ngapi?"

Akanyamaza. Akageuka, akaipa KICC mgongo, akatazama kioo. "Tisini na sita."

"Sufuri tisini na sita. Tarakimu tatu."

"Aaah, kwa hivyo unatoa mia na themanini." Na kabla sijajibu: "Na kule KICC kaskazini ni ile ile ya hapa?"

Mwelekeo ni ule ule, nikamwambia, lakini mstari ni mwingine. Upepo ulikuwa mkali, tukashuka.

Mezani alichora kishale cha kaskazini pale B, kirefu kuliko ilivyohitajika. Kutoka B, A iko 050 jumlisha 180 (50 haitoshi kutoa 180), yaani 230°. C iko 110°. Tofauti yake ni 120°, na hiyo ndiyo pembe iliyo ndani ya pembetatu. Kosaini ya 120° ni hasi 0.5, kwa hiyo ile sehemu ya kutoa ikageuka kujumlisha: 64 (8 × 8) na 36 (6 × 6) na 48 (2 × 8 × 6 × 0.5), jumla 148. Kipeuo chake cha pili 12.17. Akacheka peke yake. Kilomita kumi na mbili na kitu, ndiyo, hiyo ni meli iliyosafiri.

Beringi haikutusumbua. Kanuni ya saini ilitupa pembe ya 25.3° pale A, ukiongeza 50 ni 075.3°. Alisahau ile sufuri ya mbele, nikamtazama tu, akairudisha.

Swali lililofuata lilikuwa la ndege. Kabla hajalisoma hadi mwisho alikuwa ameshachora vishale vitatu vya kaskazini, kimoja mahali ambapo hata nukta haikuwepo.