Namba tasa

Nilijiambia sitaandika habari hii. Leo siku ya nne, na maneno yale bado yananijia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, hata nikisimamia mtihani.

Jumapili, kwa mama mkwe, nilikuwa namfundisha Salma vigawo. Akauliza, "Mama mkubwa, namba tasa ni ipi?" Nikamwambia ni ile yenye vigawo viwili tu, moja na yenyewe. Wifi alikuwa mkekani anachambua mchele. Bila kuinua uso akasema, "Kumbe hata namba zipo za kukaa hivyo hivyo."

Hivyo hivyo. Mama mkwe akakohoa. Salma akauliza kama 51 nayo ni tasa, nikamjibu si tasa, ni 3 mara 17, tukaendelea. Idi anasema dada yake hakuwa na maana hiyo. Lakini mimi niliuona mkono wake ukisimama juu ya ungo, akingoja nitasema nini. Sikusema kitu.

Mitihani ya moko imeisha, mwalimu mkuu kahamishwa, mdogo wangu kaposa. Yote yamepita mimi nikiwa bado pale mkekani.

Jana usiku nilikosa usingizi, nikachukua daftari nikaandika 4294967297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Fermat wa Ufaransa aliamini namba zote za ukoo huo, ambao kipeo chake huanza na 1 kisha kinazidishwa mara mbili kila hatua, ni tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257, 65537. Hii ya sita ikaitwa hivyo kwa kutazamwa ndugu zake tu, zaidi ya miaka 90, mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, alipoigawa kwa 641 mwaka 1732.

Nikaigawa na mimi, kwa mkono. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Nikashusha 9, ikawa 4489: mara 7, baki 2. Zikafuata sifuri mbili, 4, kisha 1, na baki ikawa 448 tena. Nikasita. Safari hii niliyoshusha ni 7, ikawa 4487, na 641 mara 7 ni 4487 kamili. Haikubaki kitu. Jibu ni 6700417.

Nilifurahi, nikacheka peke yangu saa nane ya usiku. 641 ni tasa. 6700417 nayo ni tasa. Na ile 51 ya Salma imezaliwa na tasa mbili! Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la mtoto, mbele ya wifi, nami sikuliona. Jumapili ijayo nitamwambia Salma, kwa sauti ya kusikika mpaka mkekani, kwamba kuanzia 2, namba yoyote isiyo tasa imetoka kwa tasa.

Mtungi wa gesi nimeufunga tangu juzi, lakini harufu jikoni haijaisha. Idi anasema yeye haisikii.