Nilivyoielewa "answer to" baada ya kukosa kazi Njombe

Shemeji yangu aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Answer ni kujibu, to ni kwa. Hapo huna la kujifunza." Nikamwamini, kwa sababu yeye alimaliza kidato cha sita na mimi niliishia cha nne. Ushauri ule ulinikosesha kazi. Mpaka leo nikisikia mtu anatafsiri Kiingereza neno kwa neno, naumia.

Nilikuwa mnyapara kwenye shamba la chai Mufindi, nikaitwa usaili wa usimamizi kwenye kampuni ya parachichi Njombe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mmoja aliponiuliza, "Who do you answer to?" Mimi nikasikia: unamjibu nani? Nikamwambia, "I answer to the pluckers every day," maana kila jioni kwenye mizani wachumaji waliniuliza kilo zao nami niliwajibu bila kuchoka. Akanitazama, akaandika. Kisha akaligeuza swali: "And who answers to you?" Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwetu ukisema "mtoto huyu ananijibu" una maana hana adabu. Nikaona niwalinde watu wangu: "Nobody answers to me, madam." Kumbe nimewaambia kwamba wachumaji ndio wakubwa wangu, na kwamba sijawahi kusimamia hata mtu mmoja! Wakanishukuru. Nikarudi Mafinga kwa nauli ya kukopa, elfu kumi na kitu.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Hakugusa kamusi. Alitoa Katiba ya 1977, ibara ya 53, inayosema Waziri Mkuu atawajibika kwa Rais. "Haya mwanangu, sema kwa Kiingereza." Nikakwama, akanisaidia: The Prime Minister answers to the President. Mwili ulinisisimka.

Tangu siku hiyo kile kineno cha nyuma nakichukulia kama mikia ya vitenzi vyetu. Piga, pigia na pigana si kitu kimoja, sivyo? Answer peke yake ni kujibu, na swali halitaki to: answer the question. Answer to mtu ni kuwajibika kwake, yaani yeye ndiye mwenye haki ya kukuhoji ukikosea. Answer for jambo ni kulibebea lawama. Answer back ndiyo ile jeuri niliyoiwaza mimi. Report to iko karibu, ila yenyewe inataja ngazi ya kazini tu, bila uzito ule wa kuhojiwa. Na mbwa anayeitika akiitwa Simba, wanasema he answers to Simba. Hapo mamlaka hayamo.

Mwaka uliofuata nikaitwa Tukuyu, parachichi tena. Sikungoja swali, nikalitanguliza mwenyewe: "I answer to the estate manager, I answer for the weights, and thirty-four pluckers answer to me."

Jumatatu nikaanza kazi.