Takwa, kabla maji hayajapwa

Miaka yote hii nipo Lamu, na Takwa, magofu ya mji wa kale, nimefika jana tu. Aibu, najua. Ni hapo kisiwani Manda, ng'ambo, ila njia yake ni mkondo mwembamba kati ya mikoko, na maji yasipojaa chombo hakipiti.

Kilichonishika ni lile kaburi la nguzo. Mwaka umeandikwa palepale: 1094 Hijria, yaani 1683. Lipu ya chokaa imebanduka upande mmoja, na ndani unaona matumbawe yenyewe, vitundu vitundu kama chila. Mkono uliniwasha kugusa, nikauweka mfukoni. Msikiti nao una nguzo juu ya ukuta wa kibla. Mimi nilidhani nguzo ni za makaburi tu!

Watu wa Shela bado huja kaburini hapo kuomba mvua. “Hata bibi yako alikuja, mwanangu,” mjomba akaniambia, kisha akatazama mkondo. “Haya, maji yanapwa!”

Tulichelewa. Tumeisukuma mashua topeni hadi magotini, na ndara yangu moja imebaki kule mikokoni.