Nilivyofanikiwa kuona ngoma ya fumbwe Kigamboni

Watu wengi wa Dar wameshamwona fumbwe hata kama jina hawalijui: ndege mdogo mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia wa sentimita 20 hivi kwenye mwili usiofika 15. Kumwona akipita juu ya nyaya za umeme ni rahisi. Mimi nilitaka kumwona akimchezea jike, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Dume hatulii. Anafukuza kila ndege anayesogelea eneo lake, hata wakubwa kuliko yeye.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mwenye matuta ya mchicha Kigamboni. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu.

"Marahaba mwanangu. Huyo mwenye mkia utamkimbiza bure," akasema. "Tafuta jike wake anapokula, ukae. Atakuja mwenyewe."

Jike ni wa kahawia mwenye michirizi, ukimtazama haraka utadhani shomoro. Nikawa naenda asubuhi, masika yakiwa yanaishia na majani yametoa mbegu, nakaa kimya pembeni mwa matuta.

Siku hiyo jike aliruka kutoka kwenye majani akatua juu ya kijiti. Dume akafika papo hapo. Akasimama hewani mbele ya uso wake, akawa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, mbawa zinakwenda kasi na zile nyoya ndefu za mkia zinarukaruka chini yake. Jike katulia tuli, anamtazama. Nilisahau hata kupiga picha.

Ndege hawa hawajengi kiota. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo, nao ndio wanaolea makinda. Dume hana nyumba wala malezi ya kumwahidi jike. Ana mkia wake na kucheza kwake, basi. Na mkia si jambo dogo: mwaka 1982 mtafiti Malte Andersson alichapisha jaribio alilofanya Kenya kwa ndege mwingine mwenye mkia wa karibu nusu mita. Madume waliorefushiwa mkia kwa gundi walipata majike wengi kuliko waliokatwa.

Ukitaka kumwona, usichelewe. Msimu ukiisha mkia hudondoka, dume naye anageuka wa kahawia, na kumtofautisha na jike kunakuwa kazi.